Nukta ya Nne Kwenye Mashine ya Bi Somoe

Vijana wangu mnaojifunza ufundi, mkipita Mikindani asubuhi mtaniona barazani nimeshika beringi kuukuu, naizungusha kwa kidole huku nimefumba macho. Msidhani uzee umenipanda kichwani. Nasikiliza. Beringi nzima hupita kimya na husimama polepole, kwa hiari yake. Mbovu hukwaruza, halafu husimama ghafla. Nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka arobaini na masikio yangu hayajawahi kunidanganya. Macho ndiyo yaliyonidanganya, tena mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo iliyonifanya nikae niwaandikie.

Naitwa Selemani, ila kuanzia Shangani hadi Kilambo watu wananijua kwa jina la Fundi Sele. Nilianzia karakana ya kiwanda cha kubangua korosho. Kiwanda kilipofungwa nikaendelea na mashine za watu: za kusaga, za kuvuta maji, za kukamua ufuta, hata ya barafu ya wavuvi. Fani yangu hasa ni mashine kuukuu. Mashine mpya ina kitabu chake na wakala wake. Kuukuu haina mtu. Aliyeiunda kafa, kiwanda chake kimevunjwa, na kitabu kimeliwa na mchwa. Hapo ndipo ulipokuwa ugali wangu.

Kwa yule ambaye bado hajashika spana, beringi ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati yake gololi zinazoviringika, ili shafti, ule mhimili wa mashine, izunguke bila kusagana na chuma kilichoishikilia. Kila kinachozunguka mjini hapa kinayo, tangu pangaboi la msikitini hadi winchi za bandarini. Ikifa beringi ya senti chache, mtambo mzima unalala.

Ninyi leo mna simu. Beringi ikifa mnapiga picha namba yake, mnaituma Dar es Salaam kwenye maduka ya Gerezani, mnajibiwa "ipo", na kesho kutwa inashuka na basi. Sina ugomvi na simu, nami ninayo. Ugomvi wangu ni kwamba mnapiga picha kabla ya kuosha. Namba imeandikwa ubavuni kwa herufi ndogo, na huko ubavuni ndiko grisi, unga na kutu vinakokaa. Osheni kwanza kwa mafuta ya taa na mswaki. Someni duara zima mpaka mrudi mlipoanzia. Namba ina kichwa na ina mkia, na mwenye haraka husoma kichwa tu. Huo mkia tutarudi kwake.

Aliyenifundisha ni Fundi Bonifasi, mtu wa Iringa, aliyeletwa Mtwara na kazi za bandarini kisha akahamia kiwandani kwetu. Alikuwa na maneno machache na nyundo chache zaidi. Wiki yangu ya kwanza nilichukua beringi mpya, nikaivika kwenye shafti, ikagoma, nikaipiga nyundo pete ya nje. Ikaingia. Nikawa najisifu. Akaja, akaizungusha, akanishika mkono niweke kidole. Nikasikia inatetemeka.

"Umempiga mtu kichwani ili mguu uingie kwenye kiatu," akaniambia. "Sasa ina makovu ndani. Kila gololi itayapita hayo makovu mpaka siku itakapokufa."

Akaniamuru niitoe na nitembee nayo mfukoni mwezi mzima ili niikumbuke. Nilikwenda nayo sokoni, nikaenda nayo msikitini, na mwezi huohuo nikaenda nayo kuposa. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuacha kusimulia kwamba mkwewe alikuja ukweni na kanzu nyeupe na chuma mfukoni. Basi shikeni hilo: pete inayobana ndiyo inayopigwa, na afadhali isipigwe kabisa. Ichemsheni kwenye sufuria ya mafuta kwa moto mdogo, itatanuka, mtaivika kama pete ya ndoa. Msitumie sufuria ya nyumbani bila ruhusa. Hilo nalo nililijua kwa kulipatia shida.

Bonifasi alinifundisha pia kusikiliza kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye mashine na mpini sikioni. Alinifundisha kutoamini boksi. Siku hizi beringi bandia zimejaa, boksi linang'aa kuliko lile la kweli. Nilishawahi kununua moja, nikaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, jina la kiwanda likabaki kwenye kitambaa. Namba ya kweli imekatwa ndani ya chuma, haifutiki. Nilimrudishia mwenye duka ile beringi pamoja na kile kitambaa, nikamwambia jina lake la kampuni liko hapa, aamue atauza kipi.

Lakini alikuwa na desturi mbili ambazo mimi nilizicheka. Ya kwanza aliita "maiti ni ya mwenyewe". Beringi iliyokufa haitupwi wala haiuzwi. Inaoshwa, inapakwa mafuta, inafungwa kitambaa, anapewa mwenye mashine aende nayo kwake. Nilimwambia, "Mzee Boni, watu wanakandamizia vifuniko vya vyungu hizo." Akajibu, "Wakandamizie. Siku moja itaulizwa, nayo itajibu."

Desturi ya pili ilikuwa alama. Fundi akimaliza kazi, anapiga nukta kwa panchi, chuma chenye ncha kali kinachogongwa kwa nyundo, kwenye nyumba ya beringi, yaani kile chuma kizito kinachoishika. Yeye alipiga nukta moja. Mwanafunzi wake wa kwanza mbili. Mimi, wa pili, nilipewa tatu. Siku aliyonikabidhi panchi yangu nilivimba kichwa, nikasema sasa Mtwara nzima itanijua.

"Alama si sifa, Sele. Ni anwani. Ukikosea wajue pa kukupata."

Alirudi kwao Iringa akiwa amezeeka, na amekwishafariki. Maneno hayo niliyahesabu kuwa ni ya mtu aliyekosa furaha.

Sasa nije kwa Bi Somoe. Ilikuwa Ramadhani, si zamani, nilikuwa nimekwishastaafu na kuwaambia watu kwamba nimestaafu. Alikuja kwangu asubuhi na bodaboda kutoka kijijini kwao, njia ya Kilambo. Mama wa makamo, mjane, mtandio umejaa vumbi. Alipiga hodi, akakaa kwenye mkeka, akaniuliza hali ya mke wangu na ya wajukuu, kisha ndipo akasema.

"Fundi, mashine yangu ya kusaga imekufa tena. Beringi. Hii ya tatu tangu msimu wa korosho."

"Mafundi wamejaa mjini, Bi Somoe. Mimi mzee."

"Wamekuja wote. Wanaweka, inasaga, inapiga kelele, inakufa." Akanyoosha miguu. "Na sasa nna siku za kuhesabu. Shemeji yangu Hamisi, ndugu wa marehemu, kasema mashine inayosaga ni yangu na binti zangu. Ikiwa haisagi, hiyo si mashine, ni chuma, na chuma ni cha urithi, kiuzwe watu wagawane. Lori la vyuma chakavu linakuja Idi pili."

"Na wewe umesemaje?"

"Niseme nini? Nnataka isage tu. Ile mashine ndiyo aliyoniachia mume wangu."

Ilibaki wiki moja na kitu. Nikasema nitakuja, na kwa kiburi changu nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwa sababu anayekuja ni Fundi Sele.

Banda la mashine lilikuwa kando ya barabara, limezungukwa na migomba. Mashine ilikuwa ya Kiingereza, imepakwa rangi ya buluu juu ya kijani juu ya kitu kingine. Marehemu mumewe, Baba Zuhura, aliinunua kutoka shamba la mkonge lililofungwa. Akina mama watano walikuwa wamekaa na mabeseni ya makopa, ule muhogo uliokaushwa, wakisubiri muujiza. Na Mzee Hamisi naye alikuwapo, amesimama mlangoni na bakora, mtu wa heshima zake, si mbaya wala si mwema, amechoka tu kungoja.

Nikafungua. Beringi ilikuwa imegeuka buluu kwa moto, gololi zimemeguka. Nilipoivuta kutoka kwenye shafti kikadondoka kipande cha bati la kopo la maziwa. Ili mwelewe: beringi ilikuwa pana kuliko shafti, na mtu akazungushia bati ili ijae. Hiyo ni dawa ya siku tatu. Beringi inakaa upande, inazunguka huku inayumba, inajipiga yenyewe mpaka ife. Nikafungua upande wa pili. Bati.

Nilikuwa nimefunga saumu, na fundi aliyefunga hana breki ya mdomo. Nikasimama na lile bati mkononi, nikalionyesha watu wote.

"Nani aliyefanya hivi? Huyu alikuwa mlevi au kipofu. Huyu hakufundishwa na mtu. Nikimjua nitamnyang'anya spana."

Akina mama wakacheka. Hata Mzee Hamisi akatabasamu. Nikapata nguvu, nikachukua brashi ya waya nikaanza kukwangua rangi kwenye nyumba ya beringi ili nione kama ina ufa. Buluu ikatoka, kijani ikatoka. Chini yake palikuwa na nukta tatu.

Zangu. Zimepangwa kama nilivyokuwa nikizipanga, ya kati imeshuka kidogo.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita mtu mrefu, mcheshi, alileta mashine juu ya lori mpaka kwenye geti la kiwanda, akaniomba niiweke sawa kabla hajaipeleka kwao. Nilibadilisha beringi zote mbili. Zilizotoka zilikuwa na kutu, nikasoma "209" nikaridhika. Nikapima shafti, ikaja milimita arobaini na nne na nusu, kasoro kidogo. Beringi ya 209 tundu lake ni arobaini na tano. Nikamwambia yule bwana kwa kujiamini kabisa, "Shafti yako imelika, lakini usijali," nikachana kopo la maziwa. Aliniombea dua ndefu. Nami nikapiga nukta zangu tatu na nikaenda kula.

Nilichota grisi kwa dole gumba nikazifunika zile nukta.

"Umeona nini, Fundi?" Bi Somoe akauliza.

"Kutu," nikasema.

Nimewaambia mambo ya kujisifu, basi na hili nawaambia. Nilisema uongo mchana wa Ramadhani, mbele ya mjane, juu ya mashine niliyoiua mwenyewe. Na nilirudi nyumbani nikiwa bado natafuta namna ya kuitengeneza bila mtu kujua.

Kabla sijaondoka nilipima upya, safari hii kama alivyonifundisha Bonifasi. Sikupima pale beringi ilipokaa tu. Nilipima mwanzo wa shafti, kati, mwisho, na mahali ambapo hapajawahi kuguswa na kitu. Kote ilikuwa ileile, arobaini na nne na nusu kasoro kidogo, laini, bila ukingo. Vijana, andikeni hapa: kulika hakulingani. Chuma kilicholika kina bonde na kina ukuta. Kikiwa sawa kote, hakikulika, kilizaliwa hivyo. Shafti ya Baba Zuhura haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa ya inchi, inchi moja na robo tatu, kwa sababu Waingereza walikuwa wakipima kwa inchi. Mimi nilikuja na milimita zangu nikaiita mgonjwa.

Nikatoka nje kupata hewa, mlango wa banda ukanifuata kwa upepo, ukazuiwa na kitu chini. Nikainama. Ilikuwa beringi, nyeusi kwa kutu na vumbi.

"Hiyo?" Bi Somoe akasema. "Marehemu alikuja nayo siku aliyoleta mashine. Alisema fundi kampa kwenye kitambaa, kamwambia aitunze. Kitambaa nilishakipigia deki."

Maiti ni ya mwenyewe. Desturi niliyoicheka niliifuata kwa mazoea tu, na ndiyo iliyoniwekea ushahidi miaka yote hiyo ikikandamiza mlango. Nikaomba mafuta ya taa na majivu. Nikasugua mpaka vidole vikauma, nikasoma duara zima, mpaka nikarudi nilipoanzia. 209. Halafu kistari. Halafu 28.

Huo ndio mkia. Ishirini na nane za sehemu ya kumi na sita ya inchi, ambayo ni inchi moja na robo tatu kamili. Kwa nje zinafanana, zinaingia nyumba ileile. Tofauti iko kwenye tundu, nusu milimita. Nusu milimita hiyo niliificha chini ya bati na jina langu.

Nilipofika nyumbani nilimpigia simu Athumani, mwanafunzi wangu, sasa fundi mkubwa mjini, kwa sababu nilijua alishawahi kwenda kwa Bi Somoe.

"Athumani, ile mashine ulipoifungua hukuona bati?"

"Niliona, Babu."

"Ukaweka bati tena."

"Nilizipapasa na nukta zako tatu chini ya rangi. Nikasema hapa Babu Sele kashapima. Nikipima tena nitakuwa namkosea adabu."

Niliwauliza na waliomtangulia. Wote vilevile. Kila aliyefika alizikuta nukta zangu, akaweka adabu mbele na kipimo nyuma, akanunua 209, akachana kopo. Hakuna aliyekuwa mlevi wala kipofu. Waliniheshimu, basi. Usiku huo sikuweza kula daku.

Kutafuta beringi yenye mkia ni kazi, na siku zilikuwa zinakwisha. Nilizunguka maduka ya Mtwara, kila mmoja akinipa 209 bila mkia na kuniapia ndiyo hiyo. Nikapiga simu Gerezani. Kijana wa huko akaniambia, "Mzee, huo mkia ni urembo tu, 209 ni 209." Nikamwambia anitumie yenye urembo. Ikaja na basi siku ya pili, nimeingoja stendi jua la saa saba, nikafungua boksi, haina mkia. Nikampigia. Akasema, "Jaribu tu mzee, ikipwaya weka bati." Sikumtukana. Ningemtukanaje, na mwalimu wake ni mimi?

Ilibaki siku mbili kufika sikukuu. Nikaingia duka la mwisho, la Mama Neema, mwanamke wa Mbeya anayeuza vipuri nyuma ya soko. Nikamweleza kwa uchovu, sikuwa na tumaini. Akasikiliza, akaniambia hana.

"Ninazo mbili tu lakini mbovu, siwezi kukuuzia. Fundi mmoja alizinunua akanirudishia, hazipiti kwenye shafti. Tundu dogo. Kiwanda kilikosea."

"Naomba nizione, Mama Neema."

Akatoa katoni chini ya meza, yenye vitu vya kutupwa. Zilikuwa bado na karatasi yake ya mafuta. Nikazigeuza ubavuni kwenye mwanga. 209, kistari, 28. Nikasimama pale nikacheka mpaka akaniuliza kama nina sukari. Zilirudishwa kwa ubovu kwa sababu hazikuingia kwenye shafti ya milimita arobaini na tano, na zisingeingia hata siku moja. Kumbe tulikuwa wengi tusiosoma mikia.

Siku ya ishirini na tisa ya mfungo, mchana, nilikuwa bandani kwa Bi Somoe. Nikasafisha shafti, nikaipaka mafuta, nikashika beringi kwa vidole viwili. Ikateleza ikaingia mpaka mwisho, kimya, bila bati, bila nyundo. Katika maisha yangu nimefurahi mara chache kama vile, na furaha ile ikaniuma hapohapo. Nikakaza skrubu zake, nikafanya upande wa pili, nikavika mkanda. Bi Somoe alikuwa ameshika mpini wa kuwashia injini.

"Subiri kwanza," nikasema. "Kuna neno."

Nikachukua kitambaa nikafuta ile grisi. Nikamwonyesha nukta. Nikamweleza kila kitu, lori, geti, kopo la maziwa, na namna nilivyosimama palepale kumtukana mtu aliyefanya kazi ile, na mtu huyo ni mimi. Nikamwambia kwamba beringi zote alizonunua miaka yote, mimi ndiye niliyeziua. Nikamaliza. Nilitarajia anipige kwa ule mpini, na sikuwa na nia ya kukwepa.

Hakufanya hivyo. Alikaa juu ya gunia.

"Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima," akasema.

"Nzima. Tangu siku aliyoinunua."

"Fundi, unajua tuligombana mara ngapi mimi na yule baba? Kila ikifa namwambia, ulidanganywa, walikuuzia takataka, ungenunua ng'ombe. Mbele ya watu nilimwambia. Naye mwisho akawa anakubali. Anasema, kweli Mama Zuhura, mimi sijui kununua." Akafuta uso kwa mtandio. "Kafa anajua kanunua mashine mbovu."

Nimewahi kuharibu shafti, nimewahi kuvunja nyumba ya beringi, vyote hivyo vina vipuri. Hili halina duka.

Bi Somoe akainuka. "Washa," akasema.

Injini ikakohoa ikashika. Mkanda ukavuta. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi na mpini sikioni, nikafumba macho. Hapakuwa na kukwaruza wala kugonga, mvumo mmoja tu ulionyooka. Akina mama wakasikia huko majumbani, wakaanza kuja na mabeseni.

Idi pili nilirudi, kwa sababu sikutaka awe peke yake. Lori la vyuma chakavu lilifika kabla ya adhuhuri. Lilikuta foleni ya makopa imetoka bandani mpaka barabarani, na unga umepanda hewani hadi dereva akafunga kioo. Mzee Hamisi alisimama mlangoni, akasikiliza, akaiangalia mashine. Kisha akamwendea dereva akamwambia hapa hakuna chuma, wamempotosha. Aliporudi alikuwa na gunia lake mwenyewe kichwani, akasimama mwisho wa foleni kama watu wengine.

Jioni kazi ilipopungua, Bi Somoe aliniita kwenye mashine.

"Una ile panchi yako?"

"Ninayo."

"Hukupiga alama safari hii."

Nikamwambia naona haya. Akasema haya ni zangu, lakini mashine ni yake, na anataka atakayefungua kesho ajue. Basi mbele yake, palepale chini ya zile tatu, nikapiga nukta ya nne. Halafu kwa tindo nikachonga "inchi 1¾", herufi zimepinda kwa sababu mikono yangu siku hizi inatetemeka.

Vijana wangu, mkifika njia ya Kilambo mkaifungua mashine ile, mtazikuta. Nukta tatu maana yake Fundi Sele alipita hapa. Ya nne maana yake alikosea hapa, akarudi. Mkishaziona, toeni venia zenu, vile vipimo vya kubana, mpime upya, hata nilivyochonga mimi. Hamtakuwa mmenivunjia adabu.

Nilipokuwa narudisha vyombo mfukoni, Bi Somoe aliweka kiganja juu ya nyumba ya beringi, kama nilivyomfundisha, kusikia kama imepata moto. Mashine ilikuwa imesaga tangu asubuhi.

"Baridi," akasema.

Hakukiondoa kiganja. Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayezungumza na mwenzake aliye chumba cha pili:

"Baba Zuhura, ilikuwa nzima."